Mlango wa Kushoto

Ibra, Oman, Jumatano baada ya Alasiri

Dada yangu Salma,

Shikamoo. Nakubusu mikono kwa mbali, na kwanza nakuuliza habari za goti lako, maana mara ya mwisho uliniambia halipatani tena na ngazi za nyumba yenu. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakula, analala, na anagombana na mke wangu kuhusu chumvi. Kwa hiyo afya yake usiwe na wasiwasi nayo.

Haya nimeona nikuandikie. Kwa simu ungecheka kabla sijamaliza.

Unajua mwanangu Nasri alikwenda kusoma Marekani. Alirudi na shahada moja na hadithi mia. Moja ni ya mji wa vilima ambako magari ya abiria ya zamani, yanayovutwa na waya unaopita chini ya barabara, bado yanatembea. Wenyewe wameyatia rangi upya, wanayafanyia sherehe, na makondakta wanashindana nani anapiga kengele vizuri zaidi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na gari la baba yenu liko wapi?"

Gari la shamba la marehemu baba, lile la mbao la abiria lililokuwa likienda Bububu huko Unguja kwa njia ile ile ambayo bibi akisema zamani ikipita garimoshi katikati ya mji, wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mbao zake zimeishia banda la kuku.

"Basi tengenezeni jingine," mama akasema, kama mtu anayeagiza chai.

Tukakusanyana wazee saba, wote wa Unguja. Tukapata lori kuukuu lililokuwa likichukua tende kwenda bandari ya Matrah kabla barabara haijatiwa lami, tukalivua bodi, tukaanza kulijengea ya mbao. Picha hatuna, kila kitu ni kwa kukumbuka. Mabenchi mawili marefu yanayotazamana, ili kila abiria ajue kikapu cha mwenzake kina nini. Mapazia ya turubai ya kuteremsha mvua ikija, ingawa hapa mvua ikija watu hutoka nje kuitazama. Kamba ya kengele mpaka karibu na sikio la dereva. Kidato cha kupandia tulikipima kwa goti la mama, maana tulimwahidi kwamba siku ya sherehe ya turathi za mji yeye ndiye atakayekuwa abiria wa kwanza. Nilipopiga randa ubao wa kwanza, dada, ile harufu! Si ile yenyewe, nakiri. Mbao zenyewe sijui zimetoka nchi gani. Lakini nilikaa juu ya vumbi la randa nikajidanganya kwa hiari yangu.

Fundi wetu wa kuchomelea ni Mpakistani, jina lake Karim. Mara tatu aliniuliza, "Baba, mlango upande huu? Kweli?" Mara tatu nikamjibu, "Gari lenyewe wewe hukuliona. Chomelea."

Siku tano kabla ya sherehe akaja mkaguzi wa baladiya, yaani manispaa yetu. Akalizunguka gari, akauliza abiria watashukia wapi. Nikamwonyesha mlango kwa fahari. Akaitazama barabara, halafu akanitazama mimi.

Huku, Salma, magari yanapita kulia. Mlango tumeuweka kushoto, kama kwetu. Abiria wetu wangeshukia katikati ya barabara, mbele ya magari yanayokuja. Wazee saba, tunaendesha magari katika nchi hii tangu ujana, na hakuna hata mmoja aliyeona! Karim alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hamisheni mlango," mkaguzi akasema, "au gari halitoki."

Kuuhamisha ni kazi ya wiki tatu, na mimi nikaapa kwamba gari la baba halikatwi. Nikampelekea mama habari nikidhani atalia. Aliomba simu ampigie mkaguzi. Kumbe bibi yake mkaguzi alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Malindi, huko Unguja.

"Wewe ni mjukuu wa Zuwena?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimsuka nywele siku ya harusi yake, kichwa hakitulii. Sasa sikiliza, mwanangu. Mlango uko pahala pake. Barabara yenu ndiyo iliyokosea."

"Mama, barabara siwezi kuihamisha."

"Sikukwambia uihamishe. Siku ya sherehe hamwifungi kwa ajili ya gwaride la farasi?"

"Tunaifunga, mama."

"Basi sisi tutapita nyuma ya farasi."

Ndivyo ilivyokuwa. Farasi walipokwisha kupita, gari letu likatoka, Nasri kwenye usukani, na kwa robo saa nzima Ibra ikaenda kushoto. Mama alikaa benchi la mbele na kikapu kitupu mapajani, kwa kuwa, alisema, mtu hendi Bububu mikono mitupu. Mbele ya kinyozi akavuta kamba, akitaja vituo vya njia ya Bububu: "Kinazini!" Nasri akasimama. Mbele ya duka la matairi: "Mtoni!" Nasri akasimama tena. Wazee wenzangu walikuwa wakifuta macho na kusingizia vumbi la farasi. Mimi nilisingizia miwani.

Kwenye mtaa wa zamani, chini ya ukuta wa udongo, akatangaza Bububu. Akashuka taratibu pembeni mwa barabara, salama kabisa, mkaguzi akimpa mkono asioutaka. Halafu akageuka, akaweka kiganja juu ya ubao.

"Siku ile ya kuondoka Unguja," akaniambia, "baba yako aliliegesha bandarini akaacha ufunguo ndani. Tulishuka mbio. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliaga."

Akalipiga kofi dogo, kama mtu anayemruhusu mtoto kwenda kucheza.

"Haya. Hamisheni mlango. Na watu wa hapa nao wapande."

Msalimie shemeji, na mpishi wako mwenye mdomo, na wajukuu wote walionisahau. Mama anakwambia usipande ngazi. Mke wangu anakwambia usimsikilize mama kuhusu chumvi.

Karim ameanza kukata Jumapili. Hajasema neno, dada, lakini anapiga mluzi kutwa.

Mdogo wako akupendaye,
Seif