Sukari Mara Mbili

Alhamisi, 27 Februari 2014

Chembe hai za Madam Nachisale zimenigomea tena! Nazimwagia protini ya ukuaji, hazikui. Vipokezi vya kuipokea zinavyo, tumepima. Protini yenyewe ni nzima, chembe za sahani ya jirani zinanawiri nayo. Madam anajua sababu ila hasemi. Eti nitafute mwenyewe zinakosa nini, ndipo aone kama nafaa kubaki maabara.

Na nibaki vipi? Kibali changu cha kutoka kambi ya wakimbizi kinaisha wiki ijayo. Asubuhi, kabla ya kupanda gari la Lilongwe, nilipita ofisini kuomba kingine. Nikaambiwa nirudi siku nyingine. Hiyo ni hapana yenye adabu, naijua.

Jumapili, 2 Machi

Nimechelewa kanisani. Pasta Bisimwa alishaanza kuhubiri kwa Kiswahili, wageni Wamalawi wamekaa kama magunia. Na masikio wanayo! Nikasimama kando yake, nikatafsiri kwa Kichewa—amina ya kwanza ikatoka.

Basi akili ikaruka Lilongwe. Juu ya chembe huwa kuna minyororo ya sukari. Haipeleki ujumbe ndani. Inaidaka tu protini na kuishikilia karibu na kipokezi mpaka vishikane. Je, hizi zangu zimezaliwa vipara?

Njiani mama akanishika mkono. "Pasta alisema neema. We ulisema sukari, mara mbili. Bamalawi batasema tuko na dini gani?"

Jumatano, 5 Machi

Heparini! Dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda—nayo ni mnyororo wa sukari, ukoo mmoja. Juzi niliitia kidogo pamoja na protini. Leo sahani imejaa! Nilipozidisha, chembe zimedumaa: wakalimani wakiwa wengi mno, hasikii mtu. Nina furaha, jamani.

Madam alichungulia kwenye darubini, akachungulia tena. Kisha akauliza kibali changu kinaisha lini. Ijumaa, nikasema.

Ijumaa, 7 Machi

Niko kwenye benchi la ofisi ya vibali. Madam Nachisale amekuja! Kutoka Lilongwe, viatu vyote vumbi. Nimemwambia atachoka bure, ombi langu lilishafika, halikupokelewa tu. Yeye hajaja kunisemea, anasema.

"Utaongea wewe. Mimi nitakaa karibu."

Afisa ametokeza mlangoni. Anaita jina langu, moja tu. Tunasimama wawili—