Reale ya Bibi

Mama mpenzi, shikamoo.

Mvua ya Bagamoyo imenifungia kwa sonara mzee uliyenituma nimuuzie reale, ile sarafu ya kale ya fedha, ya marehemu Bibi. Aliigeuza, akapapasa tundu lake.

"Tangu uhuru sijaona nyingine," akasema. "Tuliziyeyusha zikawa bangili. Tundu hili nililitoboa mimi. Siku za harusi yake bibi yako aliletwa hapa niiyeyushe reale hii nimfulie vipuli vya masikioni. Akaifumba mkononi akalia, maana aliachiwa na mama yake. Basi nikaitoboa tu, akaivaa."

Mama, hayo hakutuambia kamwe. Sonara alinipa bei nzuri, lakini nimeivaa mimi. Nikifika unigombeze kwanza, kisha nikuvishe. Mungu akutunze, uwabusu wadogo zangu.

Mwanao, Zuhura