MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU BOLTI ZILIZOKULA CHUMVI NYINGI

Jina: lipo kwenye kitambulisho, mjini ni Mama Nati. Umri: miaka 44. Kazi: muuza vifaa vya ujenzi. Makazi: nyuma ya duka langu, karibu na gati.

Mlalamikaji ni mama yangu mzazi. Mtuhumiwa ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, shemeji alikuja dukani. Alikuwa anamfungia Mama benchi la kusubiria kivuko pale gatini, ili wapatane, kwani tangu harusi Mama humwita "huyu mtu wenu". Akashika bolti zinazong'aa. Nikamwambia, "Shemeji, hizo zimepakwa zinki tu, baharini hazimalizi mwaka. Chukua stenlesi, tena ile ya mafundi wa boti." Akasema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Akampigia Mama simu amuulize, nami nasikia.

Mama akajibu, "Baharini panataka waliokula chumvi nyingi, kama mimi."

Mama alikuwa anajisifu tu, ndiyo kawaida yake. Shemeji akainamia debe la bolti zilizong'olewa gati la zamani, nilizomwekea mnunuzi wa vyuma chakavu, akachambua zenye kutu kuliko zote. Nikasema, "Shemeji, hizo hazikula chumvi, zimeliwa nayo!" Akajibu, "Mama kasema." Nilidhani ananitania, nikaenda kumpimia mteja misumari. Niliporudi hayupo, na debe limepungua.

Tarehe 7, saa mbili asubuhi, nikiwa mlangoni pa duka, nilimwona Mama akikaa kwenye benchi hilo. Bolti zilikatika, benchi likaenda naye majini. Shemeji alijirusha kumwokoa, naye kuogelea hajui. Makuli waliwavuta wote wawili kwa kamba. Mama alipomaliza kutema maji alisema, "Huyu mtu wenu amekusudia kuniua."

Hakukusudia. Mdogo wangu halali, nami roho inaniuma. Miaka yote tunamlaumu kwamba hamsikilizi mama mkwe. Siku aliyomsikiliza, mmemweka ndani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, ni sawa, natia sahihi.

(Sahihi) Mama Nati

Maelezo ya afisa: Mlalamikaji amesomewa maelezo haya. Akasema: "Mtoeni mkwe wangu. Afunge benchi jingine kwa bolti za Mama Nati. Ila safari hii aanze kukaa yeye."