Mayai ya Vyura wa Bwawa Letu

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, mvua inasitasita. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Binti yangu Rhobi amerudi kutoka chuo. Anachunguza ngozi ya chura akiwa bado ndani ya yai. Mwanzoni nilimcheka. Halafu akanionyesha kwa lenzi mayai aliyoyatoa kwenye bwawa la kijiji cha Busawe. Kale katoto, hata mkia bado, kanazunguka polepole ndani ya ute. Akasema ngozi ndiyo inakazungusha, ina vinyweleo vinavyopiga maji. Ngozi yenyewe inategemea protini zilizo kwenye utando wa kila seli. Nyingine zinaishika seli ya jirani isiachie, nyingine ni milango ya chumvi na maji.

Nilielewa. Nikajisikia baba wa mtu.

Mayai ya bwawa letu hayakuzunguka. Akachukua ya Busawe, akayatia kwenye maji yetu. Nayo yakasimama, ngozi ikaanza kubanduka.

"Baba, kuna nini kwenye hili bwawa?"

Nikasema labda ni mvua.

Uongo. Tangu dhahabu ianze kutoka huku Nyamwaga, rafiki yangu Chacha anaoshea mchanga wake shambani kwangu, juu ya bwawa. Yeye analeta karasha la kusagia mawe na zebaki ya kunasia dhahabu, mimi natoa ardhi, tunagawana. Tulitahiriwa msimu mmoja. Kwetu mtu huyo ni zaidi ya ndugu. Aliniapia kwamba maji ya zebaki yanaishia kwenye shimo lililotandikwa turubai.

Leo nimepanda kuangalia. Shimo hakuna. Kuna mfereji, umechimbwa vizuri kabisa, unashuka mpaka bwawani. Ng'ombe wangu wanakunywa pale.

Chacha akacheka. "Mura, mwanaume mzima, umekuja kulilia vyura?"

Nikamuuliza kiapo chake kiko wapi. Akaacha kucheka.

"Turubai si uliliona nimeezekea jiko? Umekaa chini yake ukala ugali wangu. Mbona siku ile hukuuliza?"

Ni kweli. Niliona.

Mtu mliyemwaga naye damu ya jando msimu mmoja akikugeuka, inauma mpaka kwenye mfupa. Na mimi hata pa kusimama nimlaani sina, maana nilijua nikanyamaza.

Rhobi anadhani amekosea yeye. Tangu jana anaosha vyombo vyake upya, anasema mikono yake haifai kwa kazi hii, jioni atampigia mwalimu wake amwambie anaacha. Nilimsikia. Nikamwambia pole.

Pole!

Sasa hivi yuko uani, anamwaga mayai yaliyoharibika. Nikienda, atajua baba yake ni mtu wa namna gani. Nisipoenda, ataacha kazi anayoipenda kwa kosa langu.

Naenda. Nitampeleka mpaka kwenye mfereji auone kwa macho yake. Kisha nitauziba kwa jembe langu, na Chacha akitaka tupigane, aje mchana watu wakiona.