Chewa Anahamia Mji Wako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji na watoto hawajambo, na kile kikohozi chako kimekwisha kukuachia. Huku tu wazima. Baba anakula vizuri na analala vizuri, ila nyumbani bado hasemi. Nikimpa chai hupokea kikombe kwa adabu zote, kama mgeni kwa watu asiowajua.

Habari kubwa ni kwamba jumba letu la maonyesho ya samaki, hapa ninapofanya kazi, limeuzwa. Wenye mali wapya wamepaka kuta rangi nyeusi na kutushonea sare za zambarau. Meneja wao ametukataza kusema samaki, eti tuseme vivutio. Mimi ninayekata ngisi tangu alfajiri sasa naitwa afisa lishe. Cheka tu, hata mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Katika ukumbi wa mwisho, wenye tangi kubwa, wanataka kuweka yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, na taa za kubadilika rangi. Wachache wameshaletwa kwa majaribio. Nikipita asubuhi nawakuta wanapanda na kushuka bila haraka, wekundu, kisha buluu, mpaka nasahau nilikuwa naenda wapi. Ni wazuri, sitasema uongo. Lakini tangi hilo ni la chewa mzee, yule samaki aliyelelewa na baba miaka yote aliyofanya kazi hapa. Meneja akaamua ahamishiwe jumba la samaki la mjini kwenu.

Unajua kwamba kila siku, kabla milango haijafunguliwa, mimi humkalisha baba kwenye benchi mbele ya kioo. Mwanga wa maji humchezea usoni, chewa husogea taratibu mpaka karibu, na hapo ulimi wa baba hufunguka. Mara tatu umeniandikia nimlete aishi kwako nami nipumzike. Mara tatu nimekujibu kwamba hawezi kuachana na chewa wake.

Daktari wa samaki (yupo, usibishe) alikuja kumpima kabla ya safari. Kwetu samaki asiyekula mbele ya daktari siku tatu mfululizo hasafirishwi. Siku ya kwanza chewa alitazama kipande cha ngisi kikishuka, akageuka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu daktari alivua miwani, akaniambia kwa upole kwamba mzee huyu anateseka, na kwamba Ijumaa atampa dawa ya kulala asiamke tena.

Dada, chewa hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameshiba. Kila asubuhi, kabla daktari hajafika, nilimlisha ndoo nzima. Nilidhani akikataa kula ataachwa hapa, basi. Nilimkimbilia daktari mpaka kwenye gari lake nikamweleza yote. Akasema tusimlishe siku mbili. Juzi alirudi, na chewa akala vipande kumi na vinne mbele ya macho yake. Nimepewa barua ya onyo, na ninaistahili. Chewa anasafiri Jumatatu.

Lililobaki ndilo gumu kuliandika. Sikufanya vile kwa ajili ya baba. Nyumbani hanijui. Ni mbele ya kioo kile tu, akizungumza na chewa, ndipo hunitaja. Humwambia ana binti mdogo, mtundu lakini mwenye moyo mzuri, na kwamba akitoka shule atamleta amwone. Mimi nimekaa nyuma yake na ndoo yangu, nasikiliza. Niliogopa kuyakosa maneno hayo, nikakunyima baba. Nisamehe.

Jumanne nitamleta kwako. Uwe unampeleka asubuhi, kabla watu hawajajaa, ukae nyuma yake, usimkatize. Huenda na wewe atakutaja. Wasalimie shemeji, watoto, na majirani wote wanaonikumbuka. Na siku baba akinitaja, tafadhali niandikie alivyosema.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye.