Kitambaa cha Mikroskopu

Yaya Odette,

Vumbi ya Kolwezi inakusalimia, iko mpaka mu bukari, ugali ya huku. Ile mikroskopu ya taa ya bluu niliyokuja kufundishia bantu ba labo, chefu wabo aliifunika na kitambaa cha maua sawa televizyo. Eti taa isichoke. Na mama mumoja mwenye kuosha mawe ya kobalti, tangu mwaka jana banamuambia asidi ya mawe ndiyo inamukula miguu, azoee tu. Nilitoa kitambaa, nikakwangua ngozi ya miguu yake, nikaongeza tone la rangi yenye kushika kuvu, nikaiweka chini ya ile taa. Kuvu ikawaka palepale, nyuzi-nyuzi za bluu mu giza. Mama akachungulia, akaniuliza polepole: "Basi iko na dawa?" Iko, mafuta ya kupaka tu; nilimuandikia jina lake, na haya ya mwaka muzima aliopoteza.

Leo chefu anatafuta kitambaa chake. Kiko mu sakoshi yangu, chini ya nguo, Yaya; nitakuletea, utafunikia mikate. Unikumbatilie batoto.

Wako, Mado