Mtu Niliyemwona kwa Nyuma

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na yule mpwa wangu mtundu ambaye naambiwa sasa anapanda makabati. Mguu ulioteguka kule kwenye kupima viwanja umepona, au bado unachechemea huku ukiwaambia watu kwamba hujambo? Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenikimbia, chakula hakishuki, na barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana.

Najua bado umeninunia. Nilipokupigia simu kusema nimemwona Baba akishuka ngazi za soko, uliniuliza kama nilimwona uso. Nikasema hapana, nilimwona kwa nyuma, ila bega la kushoto lilikuwa limelala vilevile, bega la mtu aliyeinamia meza ya kutengenezea saa maisha yake yote. Ukanijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Kaka, siku daraja lilipochukuliwa na maji, begi lake lililookotwa mtoni nililipokea mimi kwa mikono yangu. Wewe unaona unachotaka kuona." Kisha ukakata simu.

Yaliniuma kwa sababu hayo ndiyo ninayoyasomea. Ujana wangu wote umeishia kwenye swali moja: mtu akiamini jambo, na jambo lenyewe likawa kweli, je, tuseme anajua, au amebahatisha tu? Msimamizi wangu, ambaye wanafunzi humwita Mama Ushahidi kwa kuwa hata ukimwambia kumekucha atakuuliza umejuaje, alinisikiliza habari ya ngazi zile, akavua miwani, akaniambia nisimpelekee sura nyingine ya tasnifu yangu mpaka nimtafute mtu yule nimwone uso. Alisema hana haja ya kusoma kurasa za mtu ambaye akili yake iko sokoni.

Basi nikawa nashinda pale, hadi wauza viatu wakadhani mimi ni askari kanzu. Hatimaye nikaliona bega. Nikakimbia, nikapita mbele, nikageuka. Hakuwa Baba. Alikuwa fundi miwani, mtu wa makamo, sura ngeni kwangu kabisa. Mdogo wangu, nilikaa kwenye ngazi zile nikalia, na wapita njia wakawa wananikwepa. Niliona umesema kweli tangu mwanzo.

Yule fundi hakwenda zake. Alikaa kando yangu akaniuliza nimefiwa na nani. Nilipomweleza, akasema mimi si wa kwanza kumfananisha. Kuna nyumba ya kutunzia wazee anakopeleka miwani, na wauguzi wa huko humtania kwamba kwa nyuma wanamchanganya na mzee wao mmoja. Mzee huyo aliletwa kutoka hospitali baada ya yale mafuriko, na hajui jina lake wala kwao.

Nikaenda. Hapa soma polepole. Mzee yule amekonda, ana ndevu, na uso wake ulishonwa kutoka shavuni hadi kidevuni. Taya limekaa upande, kwa hiyo hata sauti inatoka imepinda. Bega limelala. Nimemtazama kila upande. Kuna wakati naweza kuapa ni yeye, na punde si punde namwona ni mzee yeyote tu. Nilipomwita Baba, alitabasamu kwa adabu akaniuliza natoka ofisi gani. Nikamwambia mimi ni mwanawe. Akasema, "Huenda. Umejuaje?" Akaniuliza hivyo mimi, niliyejaza rafu nzima kwa majibu ya swali hilo.

Sijiamini tena. Nilishakosea mara moja kwa bega la namna hiyohiyo, na hamu yangu ya kumpata Baba haijapungua hata chembe. Kama ni yeye, basi wewe ulikosea ukiwa na sababu nzuri mkononi, na mimi nilipatia kwa kumkimbilia mtu asiyehusika. Huko hakuwezi kuitwa kujua.

Lakini juzi, nikiwa nimekaa naye ukumbini, saa ya ukutani iligonga. Mzee akahangaika, akamwomba muuguzi aishushe. Nikamuuliza ina kosa gani. Akasema ana binti mdogo, mama yake amefariki, na mtoto yule hawezi kulala saa zikigonga. Kwa hiyo kila jioni hulizunguka duka na kuzisimamisha zote, na asubuhi huziamsha moja moja kabla wateja hawajaja. Wateja wakilalamika kwamba saa zao zinachelewa, yeye huwaambia ni vumbi.

Mama alipofariki, mimi nilikuwa shule ya bweni. Nilijua mnalala chumba cha nyuma ya duka, basi. Hilo la kuzisimamisha saa hakuna aliyewahi kuniambia, na hapa sijamwambia mtu yeyote Baba alikuwa akifanya kazi gani. Aliyekuwepo ni wewe peke yako.

Tafadhali usinijibu kwa kunihurumia. Kama hilo la saa halikuwahi kutokea, niandikie hivyo hivyo. Nitaendelea kumtembelea mzee yule, maana hana mwingine. Lakini kama lilitokea, usiandike. Njoo.

Msalimie shemeji, na umshushe mpwa wangu kabatini kwa niaba yangu.

Ni mimi kaka yako, ninayetazama mlango.